Mkonga Uliokwenda Hekaluni

Wiki niliyokabidhi funguo za karakana, vijana niliowaachia walinibana niwaandikie siri za kazi. Niliwaambia siri hakuna, ila mambo yapo. Vyeo msiniulize, vilichelewa kuja na viliwahi kuondoka. Nitawaandikia habari za simu zilizokataa kulia, na hasa ile moja iliyolia kwa jirani.

Mimi ni Rehema, mtoto wa Gerezani, binti wa fundi wa reli. Siku ya kwanza ya kazi niliripoti Posta nimevaa gauni la Idi na viatu vya kisigino, kwa sababu mama aliamini kwamba kazi ya simu ni ya kukaa mezani na kusema "halo" kwa sauti nzuri. Msimamizi alinitazama kuanzia juu hadi chini, halafu akaita dirishani, "Athumani! Njoo umchukue mtu wako." Akaja mwanamume mfupi aliyepauka kwa jua, mkanda wa plaizi na bisibisi umemning'inia kiunoni. Aliangalia viatu vyangu, hakuangalia uso.

"Nguzo utaipanda navyo," akaniuliza, "au utavivua?"

Nikavivua. Kesho yake nilirudi na suruali ya kaka yangu, kanga nimejifunga juu yake, na hivyo ndivyo nilivyopanda nguzo miaka yote iliyofuata. Watu waliokuwa wakingoja mabasi waliinua shingo kunishangaa. Mzee Athumani aliwaambia kama kuna anayetaka kusaidia apande, kama hayupo atazame basi lake lisimpite.

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mkali, mwenye maneno machache, na hakuwahi kunisifia hata siku moja mbele yangu. Alikuwa na simu ya kupimia, kitu kizito chenye vibanio viwili vya kung'ata waya, na alikibeba kwapani hata anapokwenda kula. Alijua kusikia maji kwenye kebo kwa mlio tu. Alipapasa waya kwa kidole kilicholowa mate, jambo ambalo nyinyi nawakataza na mimi nililifanya hadi nilipostaafu.

Lakini kanuni yake kubwa ilihusu kujaribu. Tukimaliza kufunga laini, mmoja wetu alibaki dukani na mwingine alikwenda kupiga kutoka mbali. Alama ilikuwa moja siku zote: iite mara mbili, kata, iite tena mara mbili, kata, ya tatu iache iite. Mwenye duka akisikia hivyo anajua ni fundi anajaribu, si mteja. Na ile ya tatu haipokei fundi wala tajiri. Inapokewa na yule anayebaki dukani wengine wote wakiondoka, awe muuzaji, mtunza stoo au mama wa kufagia. Akishasema "halo" na akasikika vizuri, Mzee Athumani anamjibu, "Kazi imekwisha," anakata. Kabla ya hapo, hata kama waya ungekuwa wa dhahabu, kwake kazi ilikuwa bado.

Kanuni hiyo ilitugombanisha na nusu ya wenye maduka wa Kariakoo. Nyinyi hamkuyaona makufuli ya simu. Kufuli lilikuwa dogo kama kishikizo cha koti, likichomekwa kwenye tundu la kizungushio cha namba, na hapo hakuna mfanyakazi wa kumpigia shemeji yake Tanga. Ufunguo ulikaa mfukoni kwa tajiri. Hata hivyo kufuli lilikuwa na utu kidogo: lilizuia kupiga, halikuzuia kupokea. Simu ikiita, aliye karibu aliinua mkonga na kusikiliza shida ya watu.

Kisha ikaja ruksa ya biashara huria. Waliokuwa wamezoea kupanga foleni ya sabuni waliamka wakakuta maduka yamejaa redio, pasi na feni, na kila mlango wa Mchafukoge umegeuka duka. Zahanati za watu binafsi zikafunguliwa ghorofani, juu ya maduka ya vitambaa. Sisi wa shirika la Posta na Simu tukapunguzwa kazi, wazee kwa vijana, tukapewa mikono ya kwaheri. Mimi na Mzee Athumani tukafungua karakana chini ya ngazi ya jengo moja hapohapo Mchafukoge, pahali ambapo ukisimama wima unagonga kichwa. Yeye alikuwa mfupi, kwa hiyo alisema pamejengwa kwa kipimo.

Na ndani ya masanduku ya kutoka Dubai ndimo zilimokuja kodilesi, simu ambazo mkonga wake hauna waya. Kitako kinakaa mezani, kimeunganishwa na laini na umeme. Mkonga unatembea nao. Kila mwenye duka aliitaka. Nilikuwa namwona mtu anavuka barabara ya Kariakoo akiongea kwa sauti, antena imechomoza juu ya kofia, na anaongea na mke wake aliye ghorofa ya juu ya duka hilohilo.

Kuhusu uhakika wa vitu vile, nitawaambia ukweli. Simu ya waya hupata umeme wake kutoka mtamboni. Umeme wa nyumba ukikatika, yenyewe haina habari. Kodilesi umeme ukikatika inakuwa pambo, na enzi zile za mgao mapambo yalikuwa mengi mjini. Adapta nyingine zilikuwa za umeme wa nchi nyingine; unachomeka, moshi unatoka, mwenye duka anakutazama kama wewe ndiye uliyeivuta. Betri zilikufa ndani ya miezi michache. Vichuma vya kuchajia vilishika uchafu, na tiba yake ilikuwa kifutio cha penseli. Lakini ugonjwa mbaya kuliko yote ulikuwa wa masafa. Zile za bei nafuu zilitumia njia chache sana za hewani, na hazikuwa na akili ya kujuana. Majirani wawili wakinunua za aina moja, simu ya huyu italia kwenye mkonga wa yule.

Sasa nimfikie Pravinbhai. Alikuwa na duka lake Gerezani, wakala wa mitungi ya gesi: ya mafundi wa kuchomelea na ile ya oksijeni ya hospitali. Mtu wa ibada, mpole wa salamu, asiyepunja mteja. Laini yake ya kwanza alifungiwa na Mzee Athumani mwenyewe, na kufuli la simu aliliweka siku hiyohiyo. Mtunza stoo wake aliitwa Sefu, mtu mzima mwenye wajukuu, aliyebeba mitungi ile miaka na miaka bila kuangusha hata mmoja. Pravinbhai alimwamini Sefu na mitungi inayoweza kuondoa paa la mtaa mzima. Hakumwamini na simu.

Alipoleta kodilesi yake tuifunge, niliifunga vizuri. Mzee Athumani akaenda kupiga kutoka karakanani. Ikaita mara mbili, ikakata. Mara mbili, ikakata. Ya tatu nikampa Sefu mkonga. Pravinbhai akaupokonya katikati, akasema, "Halo, halo, nasikia safi kabisa!" Kwenye mkonga nikasikia sauti ya mzee wangu: "Wewe siye unayebaki dukani. Hii bado." Akakata.

Pravinbhai alicheka sana. Halafu akautia mkonga mfukoni mwa shati lake refu na kuupigapiga kwa furaha.

"Fundi Rehema, hii kufuli bora kuliko zote. Nikienda kula, naenda nayo. Nikienda hekaluni, naenda nayo."

"Pravinbhai, hekaluni haifiki. Ukipita kona tu hapo, mkonga umekufa. Na hapa dukani hakuna wa kupokea, maana mkonga unao wewe. Kitako hakina mlio."

"Mteja akinikosa atapiga tena."

"Na kama hawezi kungoja?"

"Gesi haiozi," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo. Nilitoka pale nimekasirika, na kwa kuwa tajiri ni tajiri, hasira yangu nilikuja kuimalizia kwenye kikombe cha kahawa.

Ukuta wa pili wa duka lile alikuwepo Mama Zuhura, muuza sindano, nyuzi na vipuri vya cherehani, mjane mwenye sauti ya kusikika stesheni. Naye alinunua kodilesi, aina ileile, kwa mfanyabiashara yuleyule. Basi akawa anapokea simu za Pravinbhai. Watu wakimuuliza, "Mitungi ipo?" anajibu, "Mimi nina bobini tu, baba." Alinijia karakanani amefura. Nilimwambia kinachotakiwa ni kubadilisha kioo kidogo cha ndani kinachoshika masafa, nimekiagiza, bado hakijafika. Kwa sasa mkonga ukilia na mtu akataka gesi, amwambie amekosea, na kama amechoka, auache ulie. Akauacha ulie. Mvua za mwaka ule zikaingia kwenye kebo ya mtaa, laini yake ikafa kabisa, na mkonga wake ukabaki kulia kwa ajili ya jirani peke yake. Alikuwa ananiita majina ambayo siyaandiki, maana alikuwa amefunga.

Ndiyo, ilikuwa Ramadhani. Siku chache kabla ya Idi, Mzee Athumani alishikwa na nimonia. Alikuwa amekohoa mwezi mzima akisema ni vumbi la lehemu. Tulimlaza kwenye zahanati ya ghorofani, hatua chache tu kutoka karakanani, kitanda cha dirishani, na daktari akamwekea oksijeni. Mkesha wa Idi nilikuwa nimekaa kando yake mchana. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Alikuwa anavuta pumzi kwa mabega, na mimi nilikuwa navuta naye bila kujijua.

Sista Tumaini, muuguzi wa zamu, aliingia, akatazama geji ya mtungi, akaigonga kwa ukucha. Sindano ya geji haikurudi juu. Akatoka haraka, akarudi na sura nyingine.

"Bi Rehema, mtungi unakaribia kwisha. Ule wa akiba yuko nao mtoto wa chumba cha pili."

"Utamnyang'anya mtoto?"

"Simnyang'anyi."

"Basi piga simu upate mwingine."

"Nimepiga. Inaita tu, hawapokei."

Sikuhitaji kuuliza amempigia nani. Nilitazama saa ya ukutani nikajua Pravinbhai yuko wapi. Sista alikuwa ameshamtuma mhudumu kwa miguu, na tuliposogea dirishani tulimwona bado yupo chini yetu, amebanwa na watu. Mkesha wa Idi Kariakoo yote inamwagika barabarani: viatu vya watoto, mapazia, kuku, kelele. Wakala mwingine alikuwa mbali, upande wa uwanja wa ndege, na alishasema gari lake litafika jioni. Nilipiga nyumbani kwa Pravinbhai. Ikaita hadi ikachoka. Nyumba nzima ilikuwa hekaluni, siku hiyo walikuwa na sherehe.

Nilisimama pale mezani kwa Sista na mkonga mkononi, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nikaiogopa simu. Nilijua kinachotokea upande wa pili kama ninakiona. Kitaa chekundu cha kitako kinawakawaka. Sefu amesimama mbele yake, mikono nyuma, kama alivyozoea. Anajua kuna mtu anapiga, na hana pa kupokelea.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mama Zuhura. Nikipiga kwa Pravinbhai, mkonga wa Mama Zuhura unalia. Lakini laini yake imekufa, kwa hiyo kila mlio ameshajua si wake, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia auache. Angeusikia akaendelea kuuza bobini.

"Sista, nipe nafasi," nikasema. Nikapiga. Nikaacha iite mara mbili, nikakata. Nikapiga tena, mara mbili, nikakata. Nyuma yangu nilisikia pumzi ya Mzee Athumani ikikwaruza. Nikapiga ya tatu nikaacha iite. Ikaita. Ikaita. Nilikuwa nasoma dua ambayo sikumbuki niliifikisha wapi.

"Fundi!" Sauti ya Mama Zuhura ilipasua sikio. "Hatimaye! Wiki ngapi simu yangu imekufa, leo mkesha wa Idi, mafundi cherehani wamenijazia duka hapa, ndiyo unajaribu!"

"Mama Zuhura, usikate."

"Nikate nini, mimi nataka kioo changu!"

"Mama Zuhura, nisikilize! Mzee Athumani anakata roho hapa. Oksijeni imekwisha. Pita upande wa pili, mpe Sefu huo mkonga. Mpe sasa hivi."

Halafu nikasikia kiti kikianguka, na sauti yake ikiwaambia wateja, "Pisheni! Pisheni, nitawarudia!" Kelele ya barabara ikaingia, ikatoka. Mkonga ukaanza kukoroma kwa mkwaruzo, nikamwomba Mungu usipotee kabla hajafika. Kisha sauti ya mwanamume, kwa mbali, maana aliushika kama mtu anayeshika samaki.

"Halo? Mimi Sefu."

"Sefu, mtungi mmoja wa hospitali, ulete zahanati ya Mchafukoge."

"Bosi hayupo, dada. Mtungi hautoki bila neno lake, unajua."

"Aliyelala hapa ni Mzee Athumani."

Nilisikia pumzi yake. Nyuma yake Mama Zuhura alikuwa anasema kitu kuhusu Mungu.

"Gari halipiti leo," Sefu akasema.

"Najua."

"Nakuja na mkokoteni. Akinifukuza, anifukuze." Na laini ikakatika, sijui ni yeye au ni masafa.

Muda uliofuata siwezi kuupima. Sista alipunguza kidogo kasi ya hewa ili idumu. Nilishika mkono wa mzee wangu. Kucha zilikuwa na rangi nisiyoipenda. Alifungua macho, akatazama mkonga wa simu pale mezani, akanitazama. Nilimwambia atulie, anakuja. Nilikuwa na hofu, nawaambia wazi, na nilikuwa na hasira zaidi ya hofu, kwamba mtu aliyefunga simu za mji huu atakufa kwa sababu mkonga mmoja umekwenda hekaluni. Sindano ya geji ililala chini kabisa. Sista akaanza kumsaidia kwa mpira wa mkono, anaminya, anaachia, jasho linamtoka.

Kabla hatujamwona Sefu tulimsikia. Chini barabarani watu walikuwa wanapiga kelele, "Mpishe mzee! Mpishe!" Mafundi cherehani wanne wa Mama Zuhura walikuwa wanasukuma naye, wengine wanabeba watoto kando. Wakapandisha mtungi ngazini mabegani mwao, na Sefu alikuwa wa mbele. Alipofika kitandani hakuugusa mpaka alipofuta mikono yake kwa kitambaa safi alichokuja nacho mfukoni, kidole kimoja kimoja, maana oksijeni na mafuta havikai pamoja. Nilitaka kumpigia kelele afanye haraka. Akafungua, hewa ikalia kwenye mpira, na baada ya dakika kadhaa midomo ya Mzee Athumani ikaanza kurudiwa na rangi. Hapo nikakaa chini sakafuni, nikajifunika kanga yangu usoni.

Pravinbhai alikuja bado ana alama nyekundu ya ibada kwenye paji la uso. Alikuta duka halina mtu, mtungi haupo, na Mama Zuhura alimweleza njia ya kufuata kwa maneno yake. Aliingia akihema.

"Nani ametoa mtungi?"

"Mimi, bosi," Sefu akasema, mikono nyuma.

"Bila kuniuliza?"

"Akuulize kwa njia ipi?" Nilikuwa nimeshasimama. "Kwa kupiga kelele? Toa hicho kilichomo mfukoni uone kama kimelia!"

Akautoa mkonga. Akautazama. "Mchana mzima umenyamaza," akasema polepole, "nikajua leo hakuna biashara." Halafu akaona aliyelala. Alisogea, akaweka mkono juu ya shuka, miguuni kwa Mzee Athumani. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, nikaona machozi yake, nikayameza hayo maneno. Sikuyasahau lakini, mengine nilimpa baada ya Idi.

Alinifuata mwenyewe karakanani. Alitaka simu ya waya irudi dukani, ile nyeusi ya zamani, na kodilesi akae nayo nyumbani. Nilikwenda na vifaa vyangu. Nilianza kwa Mama Zuhura, kioo kilikuwa kimefika, nikakibadilisha. Akasema sasa atawakosa wateja wa gesi, alishaanza kuwazoea. Kisha nikafunga simu ya Pravinbhai karibu na mlango wa stoo, mahali ambapo mtu mwenye mtungi begani anaweza kufika. Aliniletea kufuli dogo na ufunguo wake, akaniuliza nimwekee wapi. Nilimwonyesha ndoo ya vyuma chakavu. Hakulitupa humo, ni mfanyabiashara, alilirudisha mfukoni. Ila kwenye kizungushio hakuliweka.

Tukasimama watatu tukingoja. Nilikuwa nimepanga na Sista Tumaini.

Simu ikaita mara mbili, ikanyamaza. Ikaita mara mbili, ikanyamaza. Ilipoita ya tatu, Sefu alirudisha mikono nyuma na kumtazama Pravinbhai. Niliona mkono wa Pravinbhai ukinyanyuka, ukasimama njiani, ukashuka.

"Pokea," akasema. "Pokea, Sefu. Ni yako."

Sefu alitoa kitambaa chake mfukoni, akafuta mikono, kidole kimoja kimoja. Akainua mkonga.

"Halo? Sefu hapa. Sefu wa mitungi."

Kwenye mkonga ilisikika sauti nyembamba, yenye mkwaruzo, ya mtu anayezungumza kwa kuiba pumzi kidogo kidogo. Ilitufikia sote watatu.

"Sasa," ikasema, "kazi imekwisha."